Chupa za Baba Hazina Majina

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si la mambo yangu. Kaka amelinunua kwa ajili ya makopo: kila kopo la vanishi likifunguliwa niandike tarehe, limebaki kiasi gani na limehamishiwa wapi. Anasema vanishi nyingi inagandia koponi tunaitupa, na katika kazi hii ya meza ishirini na nne za maktaba ya shule hatuwezi kutupa hata tone. Haya, naandika: leo kopo moja, limefunguliwa saa tatu asubuhi, limebaki nusu.

Ila mimi nikishika kalamu siishii kwenye makopo. Anayetaka makopo peke yake aruke mistari.

Hiyo nusu Baba ameihifadhi mwenyewe, hajawahi kumwachia mtu kazi hiyo. Aliichuja kwa soksi ya nailoni, akaimimina kwenye chupa ndogo ya kahawia, kisha akawa anaangusha gololi ndani, moja moja, mpaka vanishi ikapanda kufika shingoni. "Hewa ndiyo mwizi, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Usimwachie mwizi pa kukaa." Akafuta mdomo wa chupa, akaweka kipande cha nailoni, akakaza mfuniko. Vanishi aliyoihifadhi yeye unaweza kuifungua mwakani ikamiminika kama ya jana.

Stoo kuna chupa zaidi ya sitini za namna hiyo: vanishi, mafuta ya kitani, tina ya kuzimulia vanishi, spiriti. Hakuna hata moja iliyoandikwa. Kaka kila mwaka anaomba tubandike karatasi, na Baba kila mwaka anacheka: "Anayesoma chupa hana pua." Wateja wanamwita Mzee Pua. Anafungua, ananusa mara moja, anakuambia hiki ni nini, kimefunguliwa lini, na kama bado ki hai au kimeshakufa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kopo lililofunguliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Kazi yangu mimi ni kupaka, na kila meza inanilia vitambaa vitatu au vinne, vyote vinabaki vimelowa mafuta ya kitani. Tangu nikiwa mtoto sheria ya karakana hii ni moja: kitambaa cha mafuta hakirundikwi. Kinaanikwa kwenye seng'enge kimoja kimoja mpaka kikauke kikakamae, kwa sababu vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe. Sasa seng'enge imekuwa ya mvua. Baba amesema nimwachie yeye. Anavishindilia kwenye gunia kule stoo ili vibaki laini, tuvitumie tena.

Nikamuuliza, na lile joto? Akajigusa pua.

"Kitambaa kikianza kuchemka, harufu yake inabadilika saa nyingi kabla ya moshi. Nikiisikia tu, navitoa navitawanya. Miaka arobaini nalala mlango wa pili na mafuta haya, nimeungua?"

Kweli hajaungua. Chumba chake kinapakana na stoo, kati yake kuna mlango wa mbao tu.

Wifi naye, mke wa kaka, hana la kusema ila harufu. Anashona nguo chumba cha mbele na ana mimba ya miezi saba, na tangu mimba iingie pua yake haimpi raha. Leo mezani amesema Baba ahamishwe chumba, kwamba si vizuri mtu mzima kulala karibu na mafuta. Mtu mzima! Nilimtazama nikajua anakitaka chumba hicho kwa ajili ya mtoto. Niliondoa vyombo kwa kelele kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Meza ya kwanza haikauki. Niliipaka mkono wa mwisho Jumatatu, leo siku ya nne, ukiigusa inakung'ang'ania kidole. Kaka anasema ni unyevu wa mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Si unyevu. Meza ya pili na ya tatu nazo zinanata, ilhali ya nne, iliyopakwa siku moja nazo, imekauka vizuri. Mvua ni ile ile.

Mchanganyiko wetu ni wa Baba: sehemu moja vanishi, moja mafuta ya kitani, moja tina. Ananichanganyia yeye stoo, mimi napokea ndoo na kupaka. Kaka alinigeukia mimi. "Mdogo wangu, unapaka nini, asali?" Fundi wetu wa randa akacheka mpaka akakaa. Nililia chooni kidogo kisha nikachukua msasa.

Lakini jana nilimwona wifi akitoka stoo, ameziba pua kwa ncha ya kanga. Nikamuuliza alikuwa akitafuta nini. "Nilikuwa naangalia tu inakotoka harufu." Chupa hazina majina, na zikisogezwa nafasi hakuna anayejua. Siandiki zaidi ya hapo, ila nimeanza kumwangalia.

Jumanne, 18 Machi

Kutwa tumekwangua meza tatu. Mikono haikunjiki. Mwalimu mkuu amepiga simu mara mbili.

Paka wa karakana amehamia stoo, kwenye lile gunia la vitambaa. Amejikunja pale kama malkia. Mwenye akili ni yeye peke yake katika nyumba hii.

Ijumaa, 21 Machi

Leo naandika na mlango umefungwa.

Asubuhi niliingia stoo kuchukua spiriti, chupa ikaniponyoka, ikapasukia miguuni. Spiriti ile ni kali, machozi yalinitoka hapo hapo nikashindwa kuvuta pumzi. Baba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anatia patasi mpini mpya. Hakukunja hata uso.

"Umevunja nini, mama? Vanishi?"

Nilidhani anatania. Nikafungua dirisha, nikafagia vioo, huku nikimtazama. Kisha nikafanya jambo ambalo mtoto hamfanyii mzazi. Nilikwenda jikoni, nikatia chai ya rangi kwenye chupa tupu ya kahawia, nikaangusha gololi mbili, nikamletea. Nikamwambia, Baba, niangalizie hii kama bado nzima.

Alifungua kwa taratibu zake zote. Alifuta mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Vanishi ya mwaka juzi," alisema. "Bado i hai."

Akafumbua macho, akanitazama usoni, na nadhani usoni ndiko alikosoma. Akaiweka chupa chini polepole.

"Ilikuwa nini?"

"Chai, Baba."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, hakuna ambaye angetusikia. Ndipo aliponieleza. Ni yale mafua makali ya mwisho wa mwaka. Yalipoondoka yaliondoka na kila kitu. Hasikii harufu ya sabuni, ya udongo, ya chakula. Chupa alikuwa anazikisia kwa uzito na kwa jinsi zinavyomiminika, na mafuta ya kitani na vanishi iliyozeeka ni kama ndugu mkononi. Meza zinazonata zilikuwa mafuta sehemu mbili na tina moja, bila tone la vanishi.

"Usimwambie kaka yako," alisema. "Ataniweka barazani kama mzigo usio na mwenyewe. Mimi bila stoo hii ni nani, mama?"

Nimeapa. Sikuwahi kumwona Baba akiomba kitu, na sikutaka kumwona akiomba mara ya pili. Na wifi niliyemchunga wiki nzima alikuwa hana hatia yoyote. Hilo nalo limeniuma, ingawa si sana kama inavyopasa.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka alikwenda kununua mbao, tukapata nafasi. Nimenusa chupa zote, moja moja, mpaka kichwa kikaniuma. Chini ya kila chupa nimetia nukta za rangi yangu ya kucha: moja ni vanishi, mbili mafuta, tatu tina, nne spiriti. Baba akigeuza chupa kidogo anaziona, na mtu mwingine hatajua. Alipomaliza kuzijaribu alicheka kama mtoto. "Umenirudishia pua." Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Jumatano, 26 Machi

Meza sita zimekauka, ngumu, zinang'aa. Kaka ameniomba radhi kwa ile asali.

Ijumaa, 28 Machi

Wifi anasema anasikia harufu ya kuungua. Tulizunguka nyumba nzima, jikoni, nyaya za umeme, pasi yake ya mkaa anayonyooshea nguo za wateja. Hakuna kitu. Kaka alimwambia kwa upole ni mimba. Baba naye akavuta pumzi ndefu mbele yetu sote, akatikisa kichwa: "Hakuna harufu hapa, mwanangu." Nilitazama miguu yangu.

Jumatatu, 31 Machi

Wifi tena, harufu ya kuungua. Hakuna aliyeinuka.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kopo la mwisho limefunguliwa. Paka hayupo kwenye gunia leo. Amehamia chini ya meza ya kazi, kwenye sakafu ya baridi, nikambeba kumrudisha kwake akanikwaruza.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumemaliza! Meza nane za mwisho nimezifuta kwa mafuta leo, vitambaa thelathini na kitu, Baba amevichukua vyote. Kesho tunapeleka.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kuanzia sasa naogopa nitaanza kuyapanga ninavyotaka.

Jana asubuhi lori lilikuja. Kaka na fundi wa randa walikuwa wanafunga meza kwa kamba, mimi nimeshapanda mguu mmoja. Wifi akanijia, ameshika tumbo.

"Wifi, leo naisikia zaidi. Inatoka stoo. Nenda kaangalie kabla hujaondoka, tafadhali."

Nikamwambia, "Wifi, na wewe!" Nikapanda mguu wa pili.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia tangu jana na hayabadiliki.

Tuliporudi, saa tisa, moshi tuliuona tangu kwenye kona. Majirani walikuwa wanapokezana ndoo. Stoo ilikuwa haina paa, chupa zinapasuka ndani, moja, kimya, mbili, kimya, na kila ikipasuka moto unabadilika rangi. Baba alikuwa amekaa kwenye matope bila viatu, amefunikwa kanga ya wifi. Wifi alikuwa amekaa pembeni yake, mkono wa kulia umevimba malengelenge kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Ilikuwa hivi. Baba alikula mchana, akalala. Wifi alikuwa ananyoosha nguo chumba cha mbele, harufu ikamjia nzito. Alikimbia kwenye korido na pasi ya mkaa bado mkononi, akaitupa mlangoni pa stoo, akausukuma mlango wa chumba cha Baba. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akauvunja kwa bega, mjamzito wa miezi minane, akamkuta Baba amelala chali kwenye moshi, anakoroma. Moshi umejaa chumba kizima na hausikii! Alimvuta kwa miguu. Mkono aliuunguza kwenye ule mlango wa kati alipousukuma usimwangukie mzee.

Hospitali wamesema mtoto yu salama, mkono utapona na alama. Namshukuru Mungu, na hata kumshukuru naona haya.

Jioni kaka alipekua majivu, akaikuta pasi mlangoni pa stoo, imefunguka, makaa yamemwagika. Akaiinua mbele yetu. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

"Nilikukataza pasi ya mkaa karibu na stoo."

"Niliitupa pale nilipokimbia kumtoa baba," wifi alisema. "Harufu ilikuwepo tayari."

"Harufu, harufu. Wewe kila siku una harufu."

Wifi akamtazama Baba, aseme neno. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa naangalia mahali lilipokuwa gunia. Pale ndipo sakafu ilipoliwa zaidi, saruji imepasuka na kuwa nyeupe. Nilipoiona tu nilijua. Mimi nilikaa kunusa chupa sitini nikatia nukta zangu za rangi ya kucha, nikajisifu, na gunia lile, ambalo ulinzi wake wote ulikuwa pua ya Baba, sikulikumbuka hata mara moja. Paka alinionyesha lilipopata joto, kisha akanionyesha lilipozidi. Wifi aliniambia kwa mdomo.

Sikusema. Baba hakusema. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio chetu kimemfichua mtu asiye mgonjwa.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka ameamua wifi aende kwao, kwa mama yake, akajifungulie huko na abaki "mpaka tutakapozungumza." Sisi tunajua maneno hayo huishia wapi.

Leo wifi alipiga magoti mbele ya Baba, na mkono wake umefungwa bandeji, akamwomba msamaha kwa pasi. Sasa hata yeye mwenyewe ameshaanza kuamini. "Labda ni mimi kweli, baba. Labda kichwa changu na hii mimba."

Baba alimwekea mkono kichwani. "Yamepita, mwanangu," alisema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Huyu ni mtu aliyenifundisha kushika brashi. Nilidhani namjua mpaka mwisho wake.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemfuata asubuhi, alikuwa anachambua majivu kwa fimbo. Gololi zimeyeyuka zikashikana, anaziokota kama mtu anayeokota maharage. Nikamwambia, Baba, lile gunia.

"Moto umeshazimika."

"Wifi anaondoka kesho."

"Anakwenda kujifungua kwa mama yake, kuna ubaya gani? Mavi ya kale hayanuki, mama."

Hata mabichi kwako hayanuki, Baba. Nililimeza neno hilo. Lakini alilisikia, kwa sababu alishusha macho na fimbo ikasimama.

"Uliniapia," alisema.

Ni kweli. Na usiku na mchana huu nimejaribu kuona ni kiapo gani kinachomlinda mtu anayeungua na kumchoma anayemwokoa.

Alhamisi, 10 Aprili

Gari lilikuja saa nne. Begi la wifi lilikuwa mlangoni, dogo mno kwa mtu anayehama. Kaka alikuwa anazungumza na dereva ili asitazame begi.

Chupa tano zilinusurika, zilikuwa karakana kwenye dirisha. Nilichukua moja tupu, nikaijaza maji ya bomba, nikatia gololi zilizobaki karakana mpaka yakafika shingoni, nikafuta, nikakaza. Nikampelekea Baba pale barazani mbele ya kaka, mbele ya wifi, mbele ya dereva.

"Baba, kabla wifi hajaondoka, tuambie hii ni nini."

Kaka akaguna, "Mdogo wangu, huu ndio wakati wa chupa?" Baba aliipokea. Alinitazama, na sidhani kama atakuja kunitazama hivyo tena, wala sitaki. Angeweza kusema vanishi, angeweza kuiweka chini akaingia ndani, na mimi nisingekuwa na nguvu ya kumfuata.

Akafungua. Akafuta mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Akaisogeza puani na kuishikilia pale, muda mrefu, midomo inacheza. Kisha akanyoosha mkono, si kwangu, kwa wifi.

"Ninusie, mwanangu," alisema. "Mimi siwezi."

Wifi aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akanusa.

"Ni maji, baba."

"Ni maji," Baba alirudia. Akamgeukia kaka. "Tangu mwisho wa mwaka sisikii harufu ya kitu chochote. Vitambaa vya mafuta nilivishindilia mimi, kwenye gunia, niliahidi kuvilinda kwa pua. Pasi haina kosa. Na huyu nilimwacha anipigie magoti."

Kaka alibaki ameshika mlango wa gari. Dereva, masikini, alizima injini bila kuambiwa. Nikasema na langu, kwamba nilijua tangu tarehe ishirini na moja na nimeandika, kisha nikampa daftari hili. Alilisoma kwa kusimama, kuanzia makopo.

Alhamisi, 17 Aprili

Kaka amenirudishia daftari leo, ndipo nikaandika na yale ya tarehe kumi. Kwenye ukurasa wa tarehe sita amepiga mstari chini ya sentensi moja tu: "Wifi, na wewe!"

Begi la wifi limerudi ndani. Baba amehamia chumba cha mbele, kwenye mwanga, na wifi anashonea kwenye chumba cha pili, nyuma yake. Stoo mpya ni kabati la bati uani, mbali na kuta. Vitambaa vinakwenda kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Leo kopo moja, limefunguliwa saa mbili, limebaki robo. Baba ameangusha gololi, mimi nimeandika karatasi, yeye ameibandika. Imekaa upande, hakuinyoosha.

Kaka na mkewe wanazungumza. Baba na mimi tunazungumza habari za vanishi. Wifi na mimi bado. Kila asubuhi anakuja kwenye lile kabati kabla sijalifungua, anasimama, ananusa, anaondoka zake. Leo nilimsubiri.

"Wifi," nilimwambia, "asubuhi ile uliniambia."

"Nilikuambia."

Nilingoja aongeze kitu. Alivuta pumzi, taratibu, mkono wenye alama umelala juu ya tumbo.

"Leo hakuna kitu," alisema. "Fungua."